Tulivyoificha Kibakwe Nyuma ya Arusha

Kwetu mgonjwa hatembei. Mgonjwa anatembelewa. Analala chumbani, mlango umeachwa wazi, watu wanaingia wanampa pole, wanatoka wanapewa chai. Mgonjwa akianza kutembea yeye, leo kwa kaka yake, kesho kwa shoga yake, keshokutwa kwa mdogo wake, basi kila mtu anajua anachofanya. Anaaga. Yeye hasemi, na wao hawasemi, lakini akishafukiwa ndipo utamsikia kila mmoja: "Kumbe alikuja kuniaga." Nimeyasikia maneno hayo kwenye kila msiba niliowahi kukaa, na kila mara yamenichefua.

Ndiyo maana mimi, mume wangu na kaka yangu tulipokusudia kumzungusha mama kwa gari, tulipanga kama watu wanaokwenda kuiba.

Daktari alituita sisi wana, mama akaachwa nje kwenye benchi amekumbatia mkoba wake. Aliyotuambia sitayarudia hapa, inatosha kusema kwamba hakutoa dawa ya kuponya, alitoa ya maumivu tu. Tulipotoka, kaka akakenua meno akamwambia mama ni vidonda vya tumbo, aache pilipili. Mama akasema pilipili hajaila tangu ujana wake. "Basi acha na maharage," kaka akajibu, na mama akamtazama vile anavyomtazama muuza nyanya anayepanga zilizooza chini. Usinilaumu. Kwetu mtu mzima haambiwi kwamba anakufa. Atakayemwambia ndiye atakayeonekana amemuua, na hakuna mtoto anayetaka kuubeba huo mzigo. Mimi pia sikuutaka.

Mama alikuwa na jambo moja tu. Tangu tulipomleta kwetu hapa Dodoma auguzwe, alitaka kumwona mdogo wake, aliyeolewa Kibakwe, kule kwenye vilima vya wilaya ya Mpwapwa. Mimi namwita mama mdogo. Mama ndiye aliyembeba mgongoni wakati bibi yuko shambani, akamfundisha kutembea, akamfundisha kusonga ugali wa uwele usio na madonge, na alipoolewa ndiye aliyemfunga kanga ya kwanza ya bibi harusi. Mama mdogo miguu imemvimba siku nyingi, gari hapandi hata kwa kubebwa. Kwa hiyo kila asubuhi mama akishakunywa uji ananiambia, "Nikipata nafuu kidogo tu, nakwenda Kibakwe." Nami najibu, "Utakwenda, mama." Halafu naingia chooni nalia, natoka nakwenda kazini.

Kumpeleka Kibakwe moja kwa moja hakukuwezekana. Mama alikuwa amekonda mpaka pete ya ndoa ameifunga uzi isidondoke. Umshushe mlangoni kwa mdogo wake katika hali hiyo, bila harusi, bila kipaimara, bila sababu? Mama mdogo angepiga yowe kabla gari halijazimwa. Na kuwaita ndugu waje Dodoma kulikuwa kubaya zaidi, maana wakija wote kwa mpigo hiyo si kutembelea, ni kuanza matanga mwenye matanga akiwa bado anakunywa uji.

Kaka ndiye aliyekuja na akili. Yeye anaishi Dar es Salaam na ana ushauri kwa kila jambo linalotokea Dodoma.

"Mpelekeni utalii," akasema kwenye simu.

"Utalii? Mama huyu huyu?"

"Dada, siku hizi watu wanawatembeza wazazi wao. Wanapiga picha, wanaweka mtandaoni. Mpelekeni Arusha, mpelekeni Moshi auone mlima. Halafu humo katikati mnachomeka Chemba, mnachomeka Kondoa, mnachomeka Kibakwe. Nani atashtuka?"

Kaka yangu ananikera, lakini hapo alikuwa amepatia. Mtu anayepita kwa ndugu akitokea Arusha haagi, anajishaua tu. Tungeificha Kibakwe nyuma ya Arusha, na mama angemwona mdogo wake, na mdogo wake angemwona yeye, wote wakidhani ni bahati ya barabara.

Basi tukaanza kupanga, na hapo ndipo nilipojua kwamba wanaume hawafai kuachiwa hata safari ya kwenda sokoni. Mume wangu ni mtu wa Moshi, na kwake yeye barabara zote za nchi hii zilichimbwa ili zimfikishe Moshi. Kila jioni baada ya kula anaweka simu mezani, ananyoosha ramani kwa vidole viwili, anaanza. Tukifika Moshi tulale mara mbili. Tukitoka Moshi tupite Marangu, mama aone maporomoko. Kaka naye anatuma ujumbe wa sauti mrefu kuliko mahubiri: kwa nini tusiteremke mpaka Tanga, mama akanyage maji ya bahari, chumvi ya bahari ni dawa. Nikamjibu mama haumwi miguu. Akanitumia mwingine: basi angalau mbuga, aone hata twiga. Nikamwambia twiga hajawahi kumsalimia mtu.

Mwishowe nilipiga meza. "Sikilizeni," nikawaambia, mmoja mbele yangu na mwingine simuni. "Safari hii ina kituo kimoja, Kibakwe. Hayo mengine yote ni shuka la kufunikia. Msinishonee shuka kubwa kuliko kitanda!"

Kaka akasema nina hasira siku hizi. Nikamwambia ndiyo, ninazo, aje azichukue.

Shida nyingine ilikuwa ofisini. Dodoma wakati wa bajeti unaijua mwenyewe: magari ya kila mkoa, nyumba za wageni zimejaa, na sisi wa maofisini hatuna likizo mpaka waheshimiwa wamalize kupitisha. Nilikwenda kwa bosi nikaomba ruhusa. Akaniuliza ya nini. Ningesema mama ni mgonjwa angenipa, lakini ofisi ina midomo, na nusu ya watu pale wana ndugu Mpwapwa. Nikasema nakwenda kumtembeza mzazi Arusha. Alivua miwani. "Utalii, wakati huu?" Mle ndani wakacheka, na mmoja akaniomba nimletee ndizi. Nikacheka nao, roho inaniwaka moto. Nilisubiri bajeti ipite, mama akipungua kila Jumapili, na kila nilipomwogesha niliona mifupa mipya ambayo wiki iliyopita haikuwepo. Nikamuuliza Mungu kama naye ana kikao. Sikuona aibu kumuuliza, na hakunijibu.

Tulipopata nafasi, tukapanga mwendo. Ilibidi kuanza Chemba, hilo halikuwa na mjadala. Mjomba wetu, kaka mkubwa wa mama, alihamia kule zamani kwa biashara ya mifugo, na mkubwa ndiye anayesalimiwa kwanza. Umpite mkubwa wako uende kwa mdogo, maneno yake utayasikia mpaka kwenye kipaza sauti siku ya harusi ya mwanao. Baada ya Chemba, Kondoa, kwa shoga yake mama, mama wa Kirangi ambaye walikuwa wakiuza vitunguu pamoja sokoni miaka hiyo, mmoja akienda kuswali mwenzake anamwangalizia meza, na Jumapili vivyo hivyo. Halafu Babati, Arusha, Moshi. Kutoka Moshi tunateremka mpaka Chalinze, tunapanda Morogoro, Gairo, tunakunja kwenda Mpwapwa, tunafika Kibakwe. Kisha nyumbani.

"Duara safi," mume wangu akasema, akichora hewani kwa kidole. "Haturudii barabara hata moja." Alifurahi kama mtu aliyejenga. Nami nikalitazama hilo duara, nikaona zuri, nikampongeza.

Mama tulimwambia wakati anaota jua barazani.

"Arusha? Nikafanye nini Arusha?"

"Kuona tu, mama."

"Kuna nini?"

"Kuna mnara wa saa, katikati ya mji."

"Saa si hiyo hapo ukutani?"

Mume wangu alitoka kwenda kucheka uani. Mama akajifunika vizuri mabegani, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza kama chumvi ipo, "Kibakwe tunapita?"

"Tunapita, mama."

"Haya basi. Twende huko kwenye saa."

Jioni ile alikula. Vijiko vichache tu vya mlenda, lakini alikula bila kubembelezwa, na mimi mjinga nikaanza kuamini kwamba madaktari nao hukosea.

Jumapili baada ya ibada nikampigia mama mdogo. Mtandao wa kule vilimani unakuja na kuondoka, lakini siku hiyo sauti ilikuwa safi kama yuko chumba cha pili. Nilipomwambia tunakuja na mama, alipiga vigelegele mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. "Dada yangu anakuja! Mwambie jogoo yupo! Mwambie asile njiani!" Akaniuliza amepona? Nikasema anaendelea vizuri, tena tunampeleka utalii. Akacheka, akasema sisi watu wa mjini tuna mambo. Akaniuliza tunaanzia wapi.

Nami nikamtajia. Nikamtajia vituo kimoja kimoja, kwa madaha, kama kondakta aliyelipwa vizuri. Chemba kwa mjomba. Kondoa kwa shoga yake. Halafu Arusha, halafu Moshi, halafu Morogoro. "Halafu ndio tunaishia kwako, mama mdogo, tunapumzika kabla ya kurudi."

Nikadhani mtandao umekatika.

"Halo?"

"Mimi wa mwisho," akasema.

"Ni barabara tu, mama mdogo. Inazunguka. Ni duara."

"Ameanzia kwa kaka mkubwa. Akaenda kwa rafiki. Mimi wa mwisho."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Bibi yangu, mama yao hao, alipokuwa anakwisha aliomba apelekwe kwa wanawe. Alianza kwa mkubwa, akashuka nyumba kwa nyumba, kila mahali analala, anakula, anacheka, na kila nyumba wakasema mama amepata nafuu. Akafika kwa kitinda mimba wake, Kibakwe. Akala, akaoga, akaomba mkeka. Asubuhi mama mdogo ndiye aliyekwenda kumwamsha. Hadithi hiyo nimelelewa nayo, naijua kama jina langu, na bado nilikaa mezani na ramani nikamweka mama mdogo mwisho kwa sababu lami ilipita hivyo.

"Mama mdogo, nisikilize. Tunageuza. Tunaanzia kwako. Kesho hata, tukitaka, tunaanzia kwako."

"Umeshachelewa. Nimeshajua." Hakulia. "Anaumwa nini dada yangu? Usinijibu. Usinijibu, mwanangu, sitaki. Mwambie nimesafiri."

"Umesafiri kwenda wapi? Wewe usiyepanda hata basi?"

"Mwambie Manyoni. Mwambie kwenye msiba. Mimi siagwi. Mama aliniaga, nikamwamsha asubuhi peke yangu, sitaki tena. Akinikosa mimi, si atakuwa hajamaliza kuaga? Hajamaliza, basi ataendelea kuwepo. Msimlete."

Akakata. Nilipiga tena, haikupokelewa. Nilipiga mpaka simu ikawa ya moto mkononi. Nikamtumia ujumbe wa matusi kidogo, Mungu anisamehe, nikaufuta, nikatuma wa kubembeleza. Mume wangu akasema twendeni tu, tutamkuta, ataficha wapi miguu ile? Kaka akasema hapana, akipiga yowe mlangoni mama ndiye atakayeumia, tumwambie mama kwamba mdogo wake amesafiri. "Wewe ndiye unakaa naye," akaniambia. "Utajua pa kuanzia." Asante sana, kaka yangu, wewe uliye mbali.

Nilimkuta mama barazani na ungo mapajani, anachambua karanga za kumpelekea mdogo wake. Alikuwa anatupa zilizosinyaa na kuacha zilizonona, polepole, kila moja akiisogeza karibu na macho. Nikakaa kwenye ngazi.

"Mama, mama mdogo amesafiri."

Hakuinua kichwa. "Amesafiri? Yule?"

"Ndiyo."

"Kuku wake kamwachia nani?"

"Sijui, mama. Majirani labda."

"Amekwenda wapi?"

"Manyoni. Kwenye msiba."

"Msiba wa nani? Manyoni hatuna mtu."

Nikaanza kusema ni upande wa mumewe, ni mtu wa kanisani kwao, nikasikia mwenyewe ninavyobabaika. Mama aliacha kuchambua. Alinitazama kwa muda, bila hasira, kama anavyonitazama nikiwa nimeunguza mboga na najaribu kuifunika.

"Nani kamwambia?"

Nikaokota karanga iliyodondoka, nikairudisha ungoni.

"Mmemwambia yeye," akasema. "Mimi mkaniambia niache pilipili."

"Hatukumwambia, mama, wallahi vile, haki ya Mungu. Amejua mwenyewe. Nilimtajia njia tu, tunaanzia Chemba, tunaishia kwake, akajua."

"Akajua." Akatikisa ungo kidogo. "Amekataa nimuage."

Nililia basi. Nililia kama mtoto, kichwa nimeegemeza kwenye goti lake, na goti lenyewe halikuwa na nyama ya kuegemea. Nikamwambia tuache safari, tuache yote, tukae hapa hapa. Akanipapasa nywele, akasema hapana. Kaka yake ni mzee, kule Chemba atakuwa ameshachagua mbuzi. Shoga yake ameshaambiwa. "Na mwenzio ana hamu na huo mlima wa kwao, usimvunje moyo. Tutakwenda. Mimi nikikaa hapa nitahesabu mabati."

Kwa hiyo tulikwenda. Chemba mjomba alichinja, akasifu sana utalii, kisha akaenda kusimama nyuma ya zizi mpaka ikabidi aitwe. Kondoa wale wawili walikaa kwenye jamvi tangu adhana ya adhuhuri mpaka alasiri, wameshikana mikono, na walichosema sikukisikia wala sikukiuliza. Shoga yake alimsindikiza hadi garini akamfunga ushungi wake mwenyewe shingoni, akisema Arusha kuna baridi. Arusha mama aliuona mnara wa saa kupitia dirishani, akasema ni mfupi. Moshi mlima ulijifunika mawingu siku zote tulizokaa, na mume wangu akaomba radhi kana kwamba ni mali ya ukoo wao. Kaka huko Dar es Salaam aliweka mtandaoni picha tuliyomtumia, ya mama akiwa na kofia ya soko la watalii, watu wakaandika hongera, mama ananawiri. Nilitaka kuitupa ile simu barabarani. Kila mji ulikuwa na watu wanaokula, wanaocheka, wanaogombania maegesho, na mimi niliwachukia wote kwa kuwa wazima.

Tulitoka Morogoro asubuhi. Mama alikuwa amelala kiti cha nyuma, amezungushiwa mito, haongei. Baada ya Gairo nchi ikaanza kuwa yetu tena, nyika imekauka, upepo unachezea vumbi, akina mama wamepanga vitunguu na viazi kando ya lami. Tukapita Kibaigwa na magari yake ya mahindi. Tulipofika Mbande, pale inapochepuka njia ya Kongwa na Mpwapwa, mume wangu akapunguza mwendo bila kuniuliza, akawasha taa ya kukunja, akasimama pembeni. Nikageuka nyuma. Mama alikuwa macho.

"Mama, yupo," nikamwambia. "Hajaenda Manyoni wala wapi. Yupo nyumbani kwake amejifungia. Tukunje tu, tumkute. Akipiga yowe apige. Mama, tafadhali."

Aliitazama ile njia. Kulikuwa na pikipiki inakuja na magunia, aliifuata kwa macho mpaka ikatupita.

"Mwambie mwenzio anyooshe."

"Mama!"

"Nimembeba mimi yule," akasema. "Namjua. Akiogopa alikuwa anajificha kwenye ghala la mtama. Ukimfuata anazidi kuingia ndani, anajiumiza. Unamwacha. Unakaa nje unamngoja mpaka atoke mwenyewe."

Mume wangu akazima ile taa, akarudi barabarani, akanyoosha. Mimi niliyepanga safari nzima niligeuka nikatazama mbele, maana mama hakuwa na muda wa kukaa nje akimngoja mdogo wake, na sote watatu mle garini tulilijua hilo.